'Borrow' au 'lend'? Jua nani anatoa na nani anapokea

UKITAKA kujua kitenzi cha Kiingereza kinachowatoa jasho wakazi wengi wa miji yetu, simama dakika chache tu mahali popote penye watu wanaojaza fomu. Haitapita muda kabla ya kumsikia mtu akimgeukia aliye karibu naye na kusema, "Excuse me, borrow me your pen." Kalamu itatolewa, fomu itajazwa na kalamu itarudi kwa mwenyewe. Hakuna atakayeumia, na yamkini hakuna hata atakayetambua kwamba sentensi hiyo imesimama kichwa chini, miguu juu.

Lakini kalamu ni kitu kidogo. Mambo hubadilika panapohusika pesa. Hebu tuseme mhazini wa chama anaandika katika kitabu cha kumbukumbu kwamba "the group borrowed the chairman twenty thousand shillings." Yeye anajua alichokusudia: chama kilimkopesha mwenyekiti shilingi 20,000. Baada ya miaka miwili mhazini amehamia mji mwingine, wanachama wapya wameingia, na kitabu kinafunguliwa ili ijulikane nani anamdai nani. Msomaji anayekijua Kiingereza ataona neno "borrowed" na kudhani kwamba neno "from" limesahauliwa tu. Kwake yeye, chama ndicho kilichokopa kwa mwenyekiti! Mdaiwa amegeuka kuwa mdai kwa sababu ya kitenzi kimoja.

Ndiyo maana, mpenzi msomaji, leo tumeona yafaa kukitazama kitenzi "borrow" pamoja na mwenzake "lend". Ni maneno ya kila siku shuleni, afisini, jikoni na benki, na siri yake ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani.

KITU KINAELEKEA WAPI?

Tofauti ya vitenzi hivi ni njia ambayo kitu kinapita. Anayepokea kitu kwa nia ya kukirudisha ndiye anaye-"borrow". Anayekitoa kwa matumaini ya kurudishiwa ndiye anaye-"lend". Kitu ni kile kile na siku ni ile ile, ila kila mmoja amesimama upande wake.

Mwanafunzi anayekwenda maktaba na kutoka na kitabu atasema, "I borrowed this book from the library." Mkutubi naye akieleza jambo hilo hilo atasema, "We lent her the book." Vivyo hivyo, benki haifanyi "borrow" kwa mteja wake anayejenga nyumba. Benki inafanya "lend", na mteja ndiye anaye-"borrow".

Kwa hivyo, kabla ya kufungua kinywa jiulize: mtendaji katika sentensi yangu ni nani? Ukianza na "May I" au "Can I", mtendaji ni wewe unayetaka kupokea. Basi endelea na "borrow": "May I borrow your pen?" Ukianza na "Could you" au "Please", mtendaji ni yule unayemwomba, naye ndiye atakayetoa. Basi neno ni "lend": "Could you please lend me your pen?" Sentensi zote mbili ni sahihi na zote zina heshima.

Sentensi isiyofaa ni ile inayochanganya pande hizo mbili. "Borrow me your pen" inamfanya mwenye kalamu awe ndiye anayepokea kalamu yake mwenyewe. "Can I lend your pen?" nayo inakufanya wewe utoe kitu usichokuwa nacho.

KOSA LINATOKA WAPI?

Wapo wanaodai kwamba wanaosema "borrow me" ni watu waliokuwa wakilala darasani. Huko ni kuwaonea. Kosa hili lina mantiki yake, na sehemu ya mantiki hiyo imo katika Kiswahili chetu.

Chukua kitenzi "azima". Mtu husema, "Nimeazima sufuria kwa jirani," akimaanisha kwamba yeye ndiye aliyepokea. Lakini mtu huyo huyo atasema, "Nimemwazima jirani sufuria," na hapo yeye ndiye aliyetoa. Kitenzi ni kile kile, lakini kimetazama pande mbili. Kinachotuongoza ni kile kiambishi kidogo "m" kinachomtaja anayepewa. Wapo wanaotumia "azimisha" kwa upande wa anayetoa, lakini mitaani "niazime" ndiyo iliyoshika.

Na "niazime" yenyewe ni neno la kuchekesha ukilichunguza. Ukimwambia mtu, "Niazime jembe," unamwomba akupe. Ukijiuliza, "Niazime wapi jembe?" unafikiria utakapolipata. Herufi ni zile zile, maana mbili. Hatuchanganyikiwi kwa sababu sentensi nzima hutuonyesha njia.

Sasa mtoto aliyezoea "niazime" anapoingia darasani, anafundishwa kwamba "azima" kwa Kiingereza ni "borrow". Anachukua "ni" na kuifanya "me", anachukua "azime" na kuifanya "borrow", na matokeo ni "borrow me". Tatizo ni kwamba kitenzi cha Kiingereza hakigeuki kama chetu. "Borrow" inatazama upande mmoja tu, hata ukiweka "me" mbele yake.

Si sisi peke yetu tunaokumbwa na jambo hili. Wajerumani wana neno "leihen" na Waholanzi wana "lenen", na kila moja hutumika kwa anayetoa na anayepokea. Huko Marekani, katika majimbo ya Wisconsin na Minnesota ambako wahamiaji wengi kutoka Ujerumani na nchi za Skandinavia walifanya makao, bado kuna watu wanaosema "borrow me". Hata Uingereza kwenyewe kuna sehemu ambako watoto huuliza, "Can I lend your pen?" na walimu wao hulazimika kuwarekebisha. Basi anayekosea hapa Nairobi au Mombasa asijione kwamba amezaliwa na ulimi mzito.

DAWA IMO KATIKA KOPA NA KOPESHA

Jambo la kufurahisha ni kwamba Kiswahili kilichotutia katika shida hii ndicho hicho hicho kinachotupa dawa. Ukiachana na "azima" ukashika "kopa", giza lote linaondoka.

Hakuna Mswahili anayechanganya "kopa" na "kopesha". Hakuna mtu anayeingia benki na kumwambia karani, "Nataka unikope shilingi elfu hamsini." Atasema, "Nataka unikopeshe," au "Nataka kukopa." Ile "sha" ya kauli ya kutendesha inatenganisha anayetoa na anayepokea kama ukuta.

Kwa hivyo shika mizani hii: "kopa" ni "borrow", na "kopesha" ni "lend". Ukiwa na shaka, ipime sentensi yako kwa maneno hayo kwanza, hata kama unazungumzia kalamu au mwavuli. Ikiwa ungesema "nikopeshe", basi Kiingereza chake ni "lend me". Ikiwa ungesema "naweza kukopa?", basi ni "can I borrow?" Mwanafunzi aliye katika chumba cha mtihani anaweza kuipima hivyo kimoyomoyo na asipoteze hata sekunde tano.

Mizani hii ya "sha" inasaidia hata kwingineko. "Kumbuka" ni "remember" na "kumbusha" ni "remind". Ndiyo maana "Remember me to buy milk" si sawa. Unataka kukumbushwa, basi sema, "Remind me to buy milk."

'FROM', 'TO' NA WAKATI ULIOPITA

Baada ya kuchagua kitenzi, kuna vijineno vinavyokifuata. Ukitumia "borrow" na ukataka kumtaja mwenye mali, neno lake ni "from", kwa sababu kitu kinatoka kwake: "I borrowed an iron from my neighbour." Usiseme "borrowed to" wala "borrowed him". Ukitumia "lend", unaweza kumtaja anayepewa moja kwa moja, "I lent my neighbour an iron," au ukatumia "to", kwa kuwa kitu kinamwendea: "I lent an iron to my neighbour."

Wakati uliopita nao una mtego wake. "Borrow" huwa "borrowed" bila shida. Lakini "lend" haiwi "lended" kama watoto wengi wanavyosema. Huwa "lent". Ukitaka kuikumbuka, fikiria Kwaresima, ambayo kwa Kiingereza huitwa "Lent". Asili ya maneno hayo ni tofauti kabisa, lakini yanaandikwa kwa herufi zile zile.

Je, "loan"? Neno hili ni jina, yaani mkopo. "I took a loan" na "The bank gave me a loan" ni sawa. Wamarekani hulitumia pia kama kitenzi, "loan me", na kwao si kosa. Wanaofuata Kiingereza cha Uingereza, kama shule zetu zinavyofanya, hupendelea "lend" kwa kitenzi na kuiachia "loan" kazi ya jina.

Wazazi wenye watoto katika vyuo vikuu wana mfano mzuri karibu nao. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliundwa mwaka 1995. Bodi hiyo "lends money to students", wanafunzi nao "borrow money from the Board", na baada ya masomo wanatakiwa kulipa, yaani "repay the loan". Maneno matatu katika safari moja ya pesa.

MAMBO MENGINE YANAYOKANGANYA

Kuna mahali ambapo Kiswahili na Kiingereza hugawa mambo kwa njia tofauti, na hapo mizani yetu huhitaji uangalifu.

La kwanza ni dukani. Ukichukua unga na sukari kwa makubaliano ya kulipa mwisho wa mwezi, kwa Kiswahili umekopa unga. Lakini usiseme, "I borrowed flour from the shop." Mwingereza ataelewa kwamba utamrudishia mwenye duka unga. Sema, "I bought the flour on credit." Jirani akikupa kikombe cha sukari nawe ukakusudia kumrudishia kikombe kingine, hapo "borrow" inafaa: "I borrowed a cup of sugar from my neighbour."

La pili ni nyumba. Hapa Kiingereza ndicho kinachojikanganya. "Kupanga" na "kupangisha" ni vitu viwili mbali kwetu, lakini neno "rent" hutumika kwa vyote viwili. Mtu akisema, "I rent a house in Buruburu," huenda ni mpangaji na huenda ni mwenye nyumba. Ndiyo maana Waingereza huongeza "rent out" kwa mwenye nyumba, au hutumia "let", lile neno unaloliona katika vibao vya "TO LET" vinavyotundikwa kwenye milango ya majumba. Kumbe hata wenye lugha yao hupata taabu pale neno moja linapotazama pande mbili!

La tatu ni usemi unaopendwa sana na wahutubu wetu, "borrow a leaf". Waingereza wenyewe wana usemi wao wa "take a leaf out of someone's book", yaani kuiga mwenendo mwema wa mtu. Afrika tumeugeuza ukawa "borrow a leaf from". Unaeleweka vizuri hapa nyumbani, lakini mwanafunzi anayeandika insha ya mtihani au barua ya kwenda ng'ambo heri atumie ule wa asili.

TATIZO LA 'NISAIDIE'

Kuna wanaoyakimbia maneno haya yote kwa kujificha nyuma ya "assist me". "Assist me with your charger." "Can you assist me with five hundred bob?" Ni tafsiri ya "nisaidie", na kwa masikio yetu ni ya adabu.

Kwa chaja hakuna neno. Lakini kwa pesa, "nisaidie" limevunja urafiki wa watu wengi. Anayetoa anahesabu kwamba amekopesha. Anayepokea anahesabu kwamba amesaidiwa, na msaada haurudishwi. Mwezi ukiisha mmoja anangojea pesa zake na mwingine anashangaa kwa nini hasalimiwi.

"Borrow" na "lend", kama "kopa" na "kopesha", yana ahadi ndani yake. Ukisema "borrow" umeahidi kurudisha. Usipokusudia kurudisha, sema ukweli na utumie "give". Kwa mfano, hakuna haja ya kusema, "Can I borrow a tissue?" Nani atataka kurudishiwa karatasi ya kufutia pua?

Historia ya neno "borrow" inaunga mkono jambo hili. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "borgian", na lilihusiana na "borg", neno lililomaanisha dhamana au rehani. Kukopa kulikwenda sambamba na kutoa dhamana. Yeyote aliyewahi kuchukua mkopo wa chama cha akiba na mikopo hapa Kenya anaijua habari hii. Fomu ina nafasi ya "borrower", yaani mkopaji, na nafasi za "guarantors", yaani wadhamini. Mkopaji akitoweka, wadhamini ndio wanaofuatwa. Basi kabla ya kutia sahihi hakikisha unajua jina lako limeandikwa upande gani.

Uangalifu huo unahitajika zaidi siku hizi. Tangu M-Shwari ilipoanzishwa mwaka 2012 na Fuliza mwaka 2019, mkopo umeingia katika simu ya mkononi, na watu hukopa wakiwa ndani ya matatu au kitandani. Masharti mengi huandikwa kwa Kiingereza. "Lender" ni yule anayekukopesha na atakayekudai. "Borrower" ni wewe.

NYUMBANI TUFANYEJE?

Mtoto akikuambia, "Mummy, borrow me your phone," usimcheke wala usimkaripie mbele ya wageni. Mtoto anayechekwa hunyamaza, na anayenyamaza hajifunzi. Mrudishie sentensi ikiwa sahihi katika jibu lako: "Yes, I'll lend you my phone, but only for ten minutes." Atalisikia neno mahali pake. Baada ya siku chache mgeuzie: "May I borrow your pencil?" Hapo atakuwa amezisikia pande zote mbili bila kufungua kitabu cha sarufi.

Wale ambao wameshakuwa watu wazima nao wasione haya. Kabla ya kwenda kwenye mahojiano ya kazi au kuandika barua kwa meneja wa benki, pima sentensi zako kwa "kopa" na "kopesha". Katika kitabu cha chama, andika kwa Kiswahili ikiwa Kiingereza kinakutatiza. Kumbukumbu inayoeleweka ina faida kuliko Kimombo kinachozua kesi.

JIPIME

Jaza pengo kwa "borrow" au "lend", ukitumia wakati unaofaa. Usitazame majibu kabla ya kumaliza.

1. It is raining. Can I ______ your umbrella?

2. My aunt ______ me her sewing machine last week.

3. He ______ five hundred shillings from his workmate yesterday.

4. The bank refused to ______ them money without a guarantor.

5. Please ______ your brother your dictionary.

Majibu: 1. borrow, 2. lent, 3. borrowed, 4. lend, 5. lend.

Ukipata yote matano, hongera. Ukikosa mawili au zaidi, rudia sentensi hizo kwa Kiswahili ukitumia "kopa" na "kopesha", na utaona mahali ulipopotea.

Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa lugha yoyote ile, mwenye kukopa hucheka siku ya kupokea na hununa siku ya kudaiwa. Jambo dogo tunaloweza kufanya ni kuhakikisha kwamba siku hiyo ikifika, maneno tuliyotumia hayaachi shaka yoyote kuhusu nani alitoa na nani alipokea.